Dunstan, Aliyetufundisha Kuendesha Gari

Ilikuwa mwaka 2005. Hapana, nimekosea, ni 2006, maana daraja jipya la Wilson, kwenye mto Potomac, lilikuwa limeshafunguliwa upande mmoja. Mwaka 2005 tulikuwa bado tunapita lile la zamani, lililokuwa likiinuka katikati kupisha meli huku sisi tumezima injini tunamenya karanga. Basi ni 2006, mwezi wa kumi, siku ya Jumamosi, saa tisa mchana, kwenye barabara ya Duke hapa Alexandria, Virginia.

Lakini nikianza na siku hiyo mtamchukia Dunstan kabla hamjamjua, na mimi sikumjua hivyo. Nilimjua kwa wema kwanza. Ngoja nianze huko.

Dunstan alizaliwa Kamachumu, mkoa wa Kagera, kwenye migomba na kahawa. Hakukaa sana shuleni. Alianza kuwa utingo wa lori la chama cha ushirika, akapanda akawa dereva, akabeba magunia ya kahawa mpaka Mwanza na kurudi, miaka mingi. Mwaka 1984 alikuja Washington kumwendesha ofisa mmoja wa ubalozi. Ofisa aliporudi nyumbani, Dunstan alibaki, akapata makaratasi yake kwa njia ambazo nazijua nusu tu, akaingia kwenye teksi. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, kofia ya sufu hata kiangazi. Akiendesha alikaa wima kama yuko kanisani.

Sisi Watanzania wa huku, tukikutana, swali la kwanza si unatoka mkoa gani. Swali la kwanza ni hili: nani alikupokea? Maana kila mmoja ana mtu aliyemsubiri uwanja wa ndege, akampeleka kununua koti, akamwonyesha basi, akamketisha jikoni kwake na kumsomea barua za serikali. Huyo ni mwenyeji wako mpaka mnazikana. Akikuomba kitu, hukatai. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo, lakini sijamwona mtu aliyeivunja akaendelea kualikwa kwenye harusi.

Mimi alinipokea Dunstan. Binti yangu Violet ndiye aliyeniita Marekani, mwaka 2000, nikiwa na miaka hamsini na mbili, mke wangu ameshafariki. Siku niliyotua Dulles, Violet alikuwa zamu hospitali, akamwomba dereva wa teksi wa kanisani kwao aende badala yake. Ulikuwa mwezi wa pili, theluji imefika magotini, na mimi nimevaa viatu vya wazi. Dunstan alinitazama miguu, akacheka mpaka akashika mlango wa gari. Halafu akaketi kwenye sakafu ya uwanja wa ndege, mbele ya watu wote, akavua soksi zake akanivalisha.

"Shikamoo kwa soksi hii," nilimwambia.

"Marahaba kwa miguu," akasema. "Twende, Mzee, kabla hawajakurudisha kwa kosa la vidole."

Mwaka uliofuata Violet alihamia Texas na mumewe. Mimi nilibaki, nilikuwa nimeshazoea. Na Dunstan ndiye aliyenifundisha gari.

Alitufundisha wengi. Kila Jumapili baada ya misa, nyuma ya duka la samani lililofungwa, karibu na barabara ya Van Dorn, palikuwa na uwanja mkubwa wa kuegesha magari usiokuwa na gari. Pale ndipo palikuwa shule ya Dunstan. Walikuja wauguzi, walezi wa wazee, wafagiaji wa hoteli, siku moja hata mchungaji. Hakutoza kitu. Alikuwa na kopo la kahawa ya kutafuna, ile ya kwao inayochemshwa na kukaushwa ikiwa na maganda, na kabla hujashika usukani alikupa mbegu mbili utafune. Alisema mdomo unaotafuna hauwezi kupiga kelele za woga.

"Mzee Zefania, unaendesha gari au unachunga ng'ombe?"

"Nachunga ng'ombe, Mwalimu. Hawa ni wakali."

"Ng'ombe wa Marekani ana macho nyuma. Tazama kioo. Sasa geuza shingo, maana kioo hakionyeshi kila kitu. Geuza! Shingo ni ya kuvalia tai tu?"

Aliyotufundisha bado nayafuata nikiwa abiria, hata kwenye basi. Taa ikiwa kijani, hesabu mbili kabla hujaondoka, kwa sababu kuna mtu upande wa pili anayeikimbiza nyekundu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko theluji, kwa sababu mafuta ya barabarani yanaelea. Kwenye Beltway, ile barabara kuu inayozunguka Washington, usishindane na mtu, mwache apite na haraka zake. Usikunje kushoto kukatiza magari yanayokuja kwa sababu aliye nyuma yako anapiga honi. Honi haivunji mfupa. Simu iwe kwenye buti la gari. Hilo la simu alilisema kila Jumapili. Na ukiwa umetoka zamu mbili, lala kwanza, hata kama ni kwenye gari, hata kama msiba unakusubiri.

Siku niliyofaulu mtihani, mara ya tatu, alitoa tunda moja la kahawa akalipasua. Ndani mlikuwa na mbegu mbili zimelaliana. Akanipa moja, akatafuna moja. "Kwetu zamani watu waliokula hivi walikuwa ndugu wa damu," alisema. "Hatukuchanja ngozi, tuko mjini. Lakini wewe elewa."

Nilielewa. Nilielewa sana.

Kwa leseni hiyo nilipata kazi kwa Mkenya mmoja, Kibet, aliyekuwa na magari madogo ya abiria yanayopeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu. Siku tatu kwa wiki nilichukua wazee wanne, wale wale, nikawafunga mikanda, nikawapeleka na kuwangoja na kuwarudisha. Sijawahi kupenda kazi kama ile. Kulikuwa na bibi mmoja Mmarekani mweusi, Bi Lorraine, akitoka kule ametepeta kama nguo iliyokamuliwa, na alikuwa akiniambia, wewe tu ndiye usiyenitikisa. Kibet alinipa sharti moja: "Mzee, mimi sitaki mengi. Rekodi yako ikae safi. Siku jina lako likiingia kwa polisi, bima yangu haitakubali, na mimi sitaweza kukusaidia hata nikikupenda." Nilikaa miaka minne na jina langu halikuingia popote.

Sasa Dunstan naye, kwa miaka ile, alikuwa amechoka. Petroli ilipanda, wateja wakapungua, akawa anaanza saa kumi alfajiri na kufunga saa nne usiku. Kiangazi cha 2006 alikamatwa kwa mwendo kasi mara moja, na mara nyingine akaligonga gari la mtu kwa nyuma pale Seminary Road, kidogo tu. Wanafunzi hawakuambiwa. Mimi nilijua kwa sababu aliniambia, na aliniambia pia kwamba kosa moja zaidi na jiji litamnyang'anya kibali cha teksi.

Jumamosi ile tulitoka Bladensburg, upande wa Maryland, kwa Respicius, ambaye mtoto wake alikuwa amepata kipaimara. Tulikula ndizi na nyama, tukaimba kidogo. Tulikwenda na gari langu, Corolla ya kijivu, kwa sababu la Dunstan lilikuwa gereji. Wakati wa kuondoka alinyoosha mkono.

"Lete funguo."

"Umeamka saa tisa usiku, Dunstan. Niache mimi."

"Mwalimu haendeshwi na mwanafunzi. Watu wakiniona watasema nimezeeka."

Respicius na wageni wake wakacheka. Nikatoa funguo.

Aliendesha vizuri mpaka tunaingia Duke. Magari yalikuwa mengi, watu wanakwenda madukani Landmark. Simu yake ikalia kwenye mfuko wa koti. Nikafikiri ataiacha. Akaitoa. Ilikuwa mteja anataka kupelekwa uwanja wa ndege Jumatatu, na Dunstan akaanza kumwuliza nyumba namba ngapi. Niliona taa mbele yetu ni nyekundu, na magari ya barabara ya pembeni yameshaanza kuingia.

"Nyekundu!" nilisema. "Dunstan, nyekundu!"

Hakusikia, au alisikia amechelewa. Tulimpiga mama mmoja kwenye gari dogo jeupe, kwenye mlango wake kabisa. Ile sauti siielezi. Mifuko ya hewa ikatupasukia usoni, na kukawa na harufu kama ya baruti.

Nilitoka nikaenda kwake. Alikuwa mwanamke wa El Salvador, wa umri wangu, anaita jina la mtu kwa Kihispania. Bega lake lilikuwa limekaa vibaya na mguu haukusogea. Nilipiga magoti kwenye vioo vilivyovunjika nikamshika mkono kupitia dirishani, nikamsemesha Kiswahili kwa sababu sikuwa na lugha nyingine iliyokuwa tayari. Yeye alinibana vidole. Polisi walifika wawili. Mmoja alianza kuongoza magari, mwingine alisimama na Dunstan kwenye ukingo wa barabara. Mimi sikuwatazama. Nilikuwa namtazama mama.

Halafu Dunstan alikuja akainama nyuma yangu.

"Ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Gari ni lako. Bima ni yako. Sema ulikuwa unaendesha wewe."

"Dunstan..."

"Mimi nikiandikwa leo, kibali kimekwenda. Wewe rekodi yako ni safi, kwako ni faini tu. Na lile la wagonjwa ni gari jingine, Kibet hatajua. Nitasimama na wewe mahakamani. Nitasema jua lilitupiga machoni. Zefania, tafadhali."

Mtu aliyekaa sakafuni Dulles akanivalisha soksi alikuwa anasema tafadhali. Polisi akaja. Akaniuliza kama mimi ndiye dereva.

Nikasema ndiyo.

Siombi mnionee huruma kwa hilo. Nilidanganya, na nilidanganya nikiwa nimeshika mkono wa mtu aliyeumia. Nimeungama kanisani kwetu kwa Wamoraviani, nimeungama na peke yangu. Nasimulia tu jinsi ilivyokuwa.

Wiki tatu baadaye bahasha nene ilikuja kutoka kwa watu wa bima. Mimi nasoma Kiswahili bila taabu, na Kiingereza cha alama za barabarani nakijua chote, lakini barua zao zina maneno kama miiba. Nikafanya kama siku zote. Nikaichukua mpaka jikoni kwa Dunstan.

Alivaa miwani. Alisoma karatasi ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu alikaa muda mrefu. Mkewe Edna alikuwa anakaanga samaki, namkumbuka kwa sababu aligeuka kumtazama.

"Wanasema nini?" niliuliza.

"Ya kawaida tu. Watalipa gari la yule mama na hospitali yake. Wanataka utie saini hapa kwamba mambo yalikuwa hivi."

"Hivi vipi?"

"Hivi ulivyosema, Mzee. Kwamba ulikuwa unaendesha. Si ndivyo ulivyosema?"

Nikatia saini. Edna akanipa kichwa cha samaki, ninachokipenda. Nikarudi nyumbani na nakala yangu nikaitia kwenye droo pamoja na hati za kuzaliwa.

Kesi niliyoandikiwa na yule polisi ilikuwa mwezi wa kwanza, 2007, mahakamani pale King Street. Kosa lenyewe lilikuwa kuendesha kwa kuhatarisha maisha, na huku Virginia hilo halihesabiwi faini tu, ni jinai. Dereva yeyote wa teksi analijua. Mimi nililijulia mahakamani, saa tatu asubuhi, kwenye benchi.

Walinipa mkalimani, Mkongomani mpole aliyevaa suti ya bluu. Dunstan alikuwa ameniambia jana yake, nitakuwa mlangoni saa mbili na nusu. Saa tatu hakuwepo. Nikapiga simu, imezimwa. Yule mama wa El Salvador alikuwepo na fimbo yake ya kutembelea, ananitazama kama mtu anayetazama jiwe lililomwangukia.

"Papa," mkalimani akaninong'oneza, "juji anauliza, uko na mutu wa kushuhudia?"

"Yuko njiani."

"Njiani wapi, Papa? Juji iko na watu mingi leo."

"Mwambie anakuja. Ni ndugu yangu."

Aliwaambia. Hakimu, mwanamke wa makamo, alisubiri kidogo, na nafikiri alisubiri kwa ukarimu. Mlango ukafunguliwa mara mbili, wakaingia watu wengine. Halafu akasema aliyoyasema. Leseni kufungiwa miezi sita, faini, na jina langu kwenye kitabu cha wahalifu. Mkalimani alinisindikiza nje akaninunulia kahawa ya mashine, na hakuwa na wajibu wa kufanya hivyo.

Kibet alinipigia siku ya tatu. Alikuwa ameshajua, wanaletewa kila kitu. "Mzee, nilikuomba jambo moja," alisema, na sauti yake ilikuwa na uchungu. "Bi Lorraine anauliza uko wapi. Nimwambie nini?"

Dunstan hakupokea simu wiki nzima. Nilimfanyia udhuru. Nikasema ni mgonjwa, nikasema ni aibu, atakuja. Mtu unayempenda unamtafutia sababu mpaka unaishiwa.

Jirani yangu wa ghorofani, Awino, muuguzi Mkenya, ndiye aliyesema nikate rufaa. Aliuliza kazini kwake, akaambiwa nina siku kumi, na ya mwisho itakuwa Jumatatu. Jumamosi jioni alikuja kwangu kutafuta karatasi za kupeleka. Nikamtolea bahasha kutoka kwenye droo.

Alisoma amesimama. Halafu akarudia.

"Mzee, hii ulisomewa na nani?"

"Dunstan."

"Akakusomea yote?"

"Yote."

"Hapana. Hii hakukusomea." Alinionyesha karatasi ya tatu, ripoti ya polisi. "Hapa wameandika maneno ya abiria. Abiria anasema dereva alikuwa anaongea na simu. Anasema aliona taa ni nyekundu, akapiga kelele mara mbili, nyekundu, nyekundu, na dereva hakusikia. Jina la abiria ni Dunstan."

Nilimwomba anisomee tena, polepole. Akasoma.

"Na hii imeandikwa lini?"

"Siku hiyo hiyo ya aksidenti, Mzee. Saa tisa na dakika arobaini." Akanitazama. "Kwani wewe ndiye ulikuwa unaendesha kweli?"

Nikatikisa kichwa.

"Aki Mzee," alisema. "Wacha nikae kwanza."

Tulikaa. Kilichoniuma si kwamba alisema uongo, kwa maana alisema ukweli mtupu. Simu ilikuwepo. Taa ilikuwa nyekundu. Mtu alipiga kelele mara mbili. Alichukua ukweli wangu mzima, akauvaa yeye, na akanivalisha wa kwake. Na baadaye akaketi jikoni kwake na miwani, akausoma ule mstari kimyakimya, nami nimekaa mbele yake nangoja samaki.

Jumapili nilipanda basi mpaka uwanja wa duka la samani. Alikuwepo. Mama mmoja mgeni, anaitwa Wambura, alikuwa kwenye usukani anakwenda kwa mwendo wa kobe, na Dunstan anatembea pembeni ya dirisha akimwelekeza. Aliponiona alimwambia, "Simama hapo, mama, weka paki." Akaja.

"Dunstan. Uliwaambia nini polisi?"

"Na wewe habari za asubuhi."

"Aliyesema nyekundu ni mimi."

Alitia mbegu ya kahawa mdomoni. "Ni wewe."

"Mbona kwenye karatasi ni wewe?"

"Karatasi inataka dereva na abiria, Mzee Zefania. Dereva ukawa wewe. Abiria akabaki nani?"

"Ungenyamaza."

"Polisi ananiuliza, nanyamazaje? Angesema namficha mtu."

"Na barua? Nilikuletea mwenyewe. Ulinisomea mwenyewe."

Hapo aligeuza uso akatazama duka. Kulikuwa na kunguru juu ya paa wanagombea kitu. "Ningekusomea ili iweje?" alisema mwishowe. "Ulikuwa umeshasema. Nilitaka ulale usingizi."

"Kesho ni mwisho wa rufaa. Saa mbili dirisha la mahakama linafunguliwa. Njoo tuseme wote wawili."

"Nikisema, kibali kinakwenda. Nina miaka sitini na mbili. Nifanye nini, nichome mahindi hapo Duke? Wewe una binti Texas. Mimi na Edna tuna nani?"

"Nilikuwa na kazi, Dunstan. Nilikuwa na wazee wangu wanne."

"Na ulipofika ulikuwa na nini?" Sasa sauti ilipanda. "Ulifika Dulles na makobazi! Nani alikuvalisha soksi? Nani alikufundisha kwamba kushoto si kulia? Hata hiyo rekodi safi ulikuwa nayo kwa mafunzo ya nani?"

Wambura akatoa kichwa dirishani. "Mwalimu, niondoke au nisiondoke?"

"Tazama kioo kwanza, mama," Dunstan alisema, akamrudia.

Jumatatu saa mbili nilikuwa King Street. Kijana wa dirishani alinipa fomu na kalamu yenye mnyororo. Awino alikuwa amenionya, kwa maneno ya mwanasheria mmoja ambaye yeye Awino anamwuguzia mama: nikienda peke yangu kusema sikuendesha mimi, nitakuwa nabishana na mdomo wangu mwenyewe na saini yangu mwenyewe, na nitakuwa nimekiri kumdanganya polisi. Wawili tukisema, wanaweza kusikiliza. Mmoja, hapana. Basi nikasubiri wa pili. Nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili. Saa sita nilikula ndizi. Kila teksi iliyosimama nje niliinuka. Saa kumi kasorobo kijana alianza kushusha pazia la dirisha, akaniuliza kama nimemaliza na fomu. Nikamrudishia ikiwa nyeupe.

Sasa nafanya kazi kwenye kibanda cha maegesho ya hoteli. Ni kazi ya kukaa. Leseni ilirudi lakini gari sikununua tena, na Kibet hakuweza kunirudisha. Bi Lorraine alifariki mwaka uliofuata. Nilisikia kwa dereva aliyechukua nafasi yangu, kijana anayefunga breki kwa ghafla.

Dunstan aliendelea na teksi. Mwaka 2008 jumuiya ilifanya sherehe kwenye ukumbi wa Bladensburg, na katikati ya chakula mshereheshaji akamwita mbele, wakampa saa ya ukutani kwa kutufundisha kuendesha kwa usalama. "Miaka zaidi ya ishirini katika nchi hii," alisema mshereheshaji, "na hajawahi hata kukwaruza bampa!" Watu walisimama. Wengi mle ndani alikuwa amewafundisha yeye, na kwa kweli alikuwa amewafundisha vizuri, wako hai. Mikono yangu nayo ilipiga makofi. Dunstan alinitazama mara moja kutoka jukwaani kisha akatazama saa yake.

Mwaka huo huo alihamia Sterling, karibu na uwanja wa ndege, abiria ni wengi kule. Simchukii. Awino anasema nimchukie, itanisaidia. Nimejaribu. Lakini kuna jambo moja linanirudia nikiwa kibandani, wakati magari yamepungua. Polisi yule hakuniuliza nani alikuwa anaendesha. Alikuja moja kwa moja akaniuliza kama mimi ndiye dereva. Na kabla ya hapo Dunstan alikuwa amesimama naye muda, kwenye ukingo, nami nimewapa mgongo. Nimekwenda kituoni kwao. Wakaniambia ofisa huyo ameshahama. Nimemwuliza Edna, akasema yeye hakuwepo. Dunstan mwenyewe nimempigia mara tatu, na mara zote tatu amepokea, akanisikiliza mpaka mwisho, nikamsikia anapumua, kisha simu ikakatika. Mara zote nilimwuliza hilo hilo: Dunstan, ulipokuja kuniinamia pale kwenye mlango wa yule mama ukaniambia tafadhali, ulikuwa umeshampa polisi jina langu, au ulikuwa bado?